Omu Elfu Tano

Mwaka 1909, Bunge la Uingereza liliulizwa swali kuhusu mbwa aliyesimama kwenye maji ya chumvi. Mbwa huyo aliitwa Jimmy, na mwenyewe alikuwa Augustus Waller, mtaalamu wa fiziolojia wa jijini London. Katika maonyesho ya Royal Society, Waller alimsimamisha Jimmy huku nyayo zake zikiwa ndani ya mitungi ya kioo yenye maji ya chumvi, akaunganisha mitungi hiyo kwa nyaya hadi kwenye galvanometa, na wageni wakaona moyo wa mbwa ukitikisa chombo ambacho mbwa hakukigusa. Habari zikawafikia watu waliopinga ukatili kwa wanyama, na mbunge mmoja akamtaka Waziri wa Mambo ya Ndani atoe maelezo. Waziri, Herbert Gladstone, alijibu kwamba mbwa alisimama tu kwenye maji yaliyotiwa chumvi kidogo, na kama mheshimiwa amewahi kuchezesha miguu ufukweni basi anajua mbwa alihisi nini.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Mimi hukirudia kwa sababu ya swali ambalo halikuulizwa siku ile: kwa nini chumvi? Kwa nini moyo, ulio kifuani, utafutwe ndani ya mtungi wa maji?

Jibu ni ngozi. Ndani ya mwili, damu na nyama hupitisha umeme vizuri kwa sababu zimejaa maji yenye chumvi. Ngozi kavu ni habari nyingine. Safu yake ya juu ni seli zilizokufa, na ukinzani wake unaweza kufika makumi au hata mamia ya maelfu ya omu. Nao umeme wa moyo unaofika mikononi ni kama milivolti 1, yaani sehemu moja ya elfu ya volti. Ukiupitisha kwenye ukuta mkavu namna hiyo kwenda kwenye chombo kinachotaka mkondo ili kisogee, kinachofika upande wa pili ni kidogo mno. Maji ya chumvi yaliubomoa ukuta huo kwa muda.

Anayetengeneza mashine ya kupima moyo leo bado anaukuta ukuta uleule. Kati ya ngozi ya mtu na amplifaya yake huweka rezista, kile kipande kidogo chenye mistari ya rangi ambacho kila fundi redio anakijua, na lazima achague thamani yake. Vitabu vya kiada humpa fomyula. Historia humwonyesha jambo ambalo fomyula hailitaji: kila thamani iliyowahi kuchaguliwa ilikuwa jibu la swali la nani abebe mzigo, mwili au mashine. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa miaka mingi mzigo huu ulikuwa wa mgonjwa, na waliotengeneza mashine waliuona mwepesi.

*

Waller alikuwa amerekodi umeme wa moyo wa binadamu tangu mwaka 1887, katika hospitali ya St Mary's. Alitumia elektrometa ya kapilari, mrija mwembamba wa kioo wenye zebaki iliyopanda na kushuka kadiri volti zilivyobadilika. Zebaki ni nzito na hukawia, kwa hiyo mchoro ulitoka umepotoka. Mwaka 1889, kwenye mkutano wa wanafiziolojia mjini Basel, Mholanzi mmoja alimwona Waller akifanya onyesho hilo. Jina lake Willem Einthoven, mzaliwa wa Semarang katika kisiwa cha Java. Alirudi Leiden akatumia miaka kunyoosha kwa hesabu michoro iliyopotoshwa na zebaki, kisha akaachana na zebaki kabisa.

Mwaka 1901 alieleza galvanometa ya uzi. Uzi mwembamba wa kwatsi uliopakwa fedha ulitandazwa katikati ya sumaku-umeme kubwa. Mkondo kutoka moyoni ulipopita kwenye uzi, uzi ulicheza, na kivuli chake kikapigwa picha. Mtambo mzima ulikuwa na uzito wa karibu kilo 270, nao ulihitaji watu watano kuuendesha.

Lakini uzi haukucheza bure. Ulidai mkondo, na mkondo huo ulitoka kwa mgonjwa kupitia ngozi yake. Kwa hiyo mgonjwa aliketi huku mikono yake miwili na mguu wa kushoto vikiwa ndani ya vyombo vya maji ya chumvi, kama Jimmy. Kabla ya kurekodi, milivolti 1 iliingizwa kwenye saketi mgonjwa akiwa ndani yake, na uzi ukakazwa au kulegezwa hadi kivuli kisogee sentimita 1. Kipimo hicho, milivolti 1 kwa sentimita 1, bado kipo kwenye karatasi za ECG zenye miraba midogo zinazochapishwa hospitalini leo.

Maana yake ni kwamba Einthoven hakuwa na rezista ya kuchagua mbele ya chombo chake. Rezista ilikuwa mgonjwa mwenyewe, na kwa kila mgonjwa mtambo ulipangwa upya. Hata umbali ulitatuliwa hivyohivyo: mwaka 1905 aliwapima wagonjwa waliokuwa hospitalini, kilomita 1.5 kutoka maabara yake, kwa kupitisha umeme wa mioyo yao kwenye waya wa simu. Mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel.

*

Rezista ya kuchaguliwa ilikuja na Frank Norman Wilson wa Chuo Kikuu cha Michigan. Shida yake haikuwa udhaifu wa umeme. Vipimo vya Einthoven vilionyesha tofauti kati ya kiungo na kiungo, mkono na mkono, mkono na mguu. Wilson alitaka kujua kinachotokea chini ya sehemu moja tu ya mwili, kwa mfano hapa mbele ya kifua. Lakini volti hupimwa kati ya sehemu mbili daima. Ili apime sehemu moja, alihitaji sehemu ya pili isiyocheza, aina ya sifuri, na mwilini hakuna mahali pasipocheza.

Mwaka 1934, yeye na wenzake walichapisha suluhisho: wastani. Unganisha mkono wa kulia, mkono wa kushoto na mguu wa kushoto kwenye fundo moja, na fundo hilo litakuwa karibu na sifuri muda wote wa pigo la moyo. Ila ukiviunganisha kwa nyaya tupu, ngozi inaharibu. Kiungo chenye ngozi iliyolowa vizuri kinavuta fundo kwake kuliko vingine. Ndiyo maana Wilson aliweka rezista ya omu 5,000 kwenye kila waya.

Fanya hesabu kidogo uone kwa nini. Chukulia ngozi za viungo vitatu, baada ya kusuguliwa na kupakwa chumvi, zina ukinzani wa omu 500, 1,000 na 2,000. Fundo la nyaya tupu ni uchaguzi ambao kura hazilingani: kiungo cha kwanza kinapata asilimia 57 ya sauti, cha pili 29, cha tatu 14. Hiyo si sifuri, ni mkono mmoja umevaa kofia ya wote. Sasa ongeza omu 5,000 kila upande. Kura zinakuwa asilimia 37, 34 na 29. Si sawa kabisa, lakini hakuna anayemburuza mwenzake.

Kwa nini basi si omu 50,000? Kura zingekuwa takriban 34, 33 na 33. Tatizo ni kwamba chombo kinachodai mkondo hakiwezi kulishwa kupitia ukinzani mkubwa kiasi hicho bila kupoteza sehemu ya kinachopimwa. Chini sana, ngozi inatawala. Juu sana, mashine inasikia njaa. Omu 5,000 zilikuwa mapatano kati ya pande mbili kwa vifaa vya wakati ule.

Kilichofuata hakikuwa kidogo. Mwaka 1938, vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani na Uingereza vilikubaliana juu ya sehemu sita za kifuani, V1 hadi V6. Vipimo hivyo sita hulinganishwa na fundo la Wilson. Ukuta wa mbele wa moyo unaponyimwa damu, hapo ndipo daktari anapouona vizuri. Mtu anayekimbizwa hospitali usiku huu akiwa ameshika kifua atasomwa kwa sifuri iliyotengenezwa na rezista tatu.

Mwaka 1942, Emanuel Goldberger wa New York alibadilisha mpango huo kwa jambo dogo. Unapopima mkono wa kulia, alisema, usiuache mkono huohuo upige kura kwenye fundo unalolilinganisha nao. Aliukata waya wake, na mchoro ukakua kwa nusu zaidi. Herufi ndogo a kwenye aVR, aVL na aVF ni kumbukumbu ya ukuzaji huo.

*

Wakati huohuo vali za redio zilikuwa zimefika maabara. Mlango wa amplifaya ya vali haudai karibu mkondo wowote. Ghafla ngozi haikula tena umeme wa moyo, kwa sababu pasipo mkondo hakuna kinachopotea njiani. Mtu angedhani mzigo umeshuka.

Kumbe adui mwingine alikuwa ameshaingia kupitia nyaya za ukutani. Umeme wa majumbani hubadilika mara 50 kwa sekunde huku kwetu na Ulaya, mara 60 Marekani, na mwili wa mtu ndani ya chumba chenye taa ni antena. Anaweza kubeba milivolti 10 za umeme huo, mara kumi ya zile za moyo. Mwaka 1934, Bryan Matthews wa Cambridge alieleza amplifaya yenye milango miwili inayokuza tofauti tu kati ya milango hiyo. Mwaka 1938, Jan Friedrich Toennies aliendeleza wazo hilo, na Otto Schmitt wa Marekani pia alikuwa akilishughulikia miaka hiyo. Wazo ni jepesi kulisema: umeme wa ukutani hufika mikono yote miwili sawasawa, wa moyo haufiki sawasawa. Toa kimoja kwa kingine, kilicho sawa kinafutika.

Neno lenye uzito hapo ni sawasawa. Tuseme elektrodi moja imekaa kwenye ngozi yenye omu 10,000 na nyingine kwenye omu 30,000, na kila mlango wa amplifaya una ukinzani wa omu milioni 2. Zile milivolti 10 zitapungua kidogo upande mmoja na zaidi kidogo upande wa pili, na tofauti itakuwa karibu milivolti 0.1. Amplifaya haiwezi kujua kwamba tofauti hiyo haikutoka moyoni. Itaikuza kwa uaminifu, na sehemu ya kumi ya mchoro wako itakuwa ni mtetemo wa taa.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wa uhandisi huumia. Kila mlango wa amplifaya unahitaji njia ndogo ya kurudisha mkondo wake, vinginevyo unajaa na kunyamaza. Kwa hiyo mwanafunzi anafunga rezista kutoka mlangoni hadi kwenye waya wa pamoja, na kwa kuwa droo ina rezista za omu 100,000 anatumia hizo. Kwa ngozi zilezile, tofauti ya uongo sasa inazidi milivolti 1. Taa imeushinda moyo. Akitumia rezista za omu milioni 10, uongo unashuka chini ya milivolti 0.02. Lakini naye asipande ovyo: mkondo wa nanoampea 1 tu ukipita kwenye omu milioni 10 huzaa milivolti 10.

Usawa huohuo unatakiwa ndani ya amplifaya. Amplifaya ya vipimo ya kawaida ina hatua ya mwisho ya kutoa yenye rezista nne. Zikiwa za dukani, zenye kosa la asilimia 1, katika hali mbaya kabisa sehemu moja ya hamsini ya umeme wa pamoja itapenya. Ndiyo sababu watengenezaji wa chipu waliamua kuziweka rezista hizo ndani na kuzichonga kwa leza hadi zilingane. Mtumiaji akaachiwa rezista moja tu ya kuchagua, ya ukuzaji. Kwenye chipu ya AD620, kwa mfano, ukuzaji ni omu 49,400 gawanya kwa rezista hiyo, jumlisha moja. Omu 499 hukupa mara 100.

Na hapo pana mtego. Moyo ukikupa milivolti 1, mkono unawasha kukuza mara 1,000 palepale. Lakini elektrodi ikigusa jasho hugeuka kuwa betri ndogo, na viwango vya vifaa vya ECG humtaka mbunifu avumilie tofauti ya hadi milivolti 300 ya namna hiyo. Zidisha kwa 100 upate volti 30, ambazo betri yako haina. Amplifaya inagonga dari na mchoro unakuwa mstari mnyoofu, kama wa maiti, wakati mtu yuko hai mbele yako. Hatua ya kwanza inafaa ikuze mara 5 au 10 tu, betri ya jasho ichujwe, kisha ndipo ukuze kilichobaki.

*

Miaka yote hiyo ngozi ilikuwa adui. Ikaja miaka ambayo madaktari walianza kuivuka. Mirija na nyaya zilipitishwa kwenye mishipa hadi ndani ya moyo wenyewe, na chumba cha wagonjwa mahututi kikajaa vyombo vinavyotumia umeme wa ukutani. Mwaka 1971, mwanaharakati wa Marekani Ralph Nader aliandika katika gazeti la Ladies' Home Journal kwamba Wamarekani 1,200 walikuwa wakiuawa kila mwaka na umeme hospitalini. Namba hiyo haikuthibitishwa, na wataalamu waliibishia. Lakini hatari aliyoizungumzia ilikuwa ya kweli: mkondo ambao mtu mwenye ngozi nzima hausikii hata kidogo unaweza kuvuruga moyo ukiingia moja kwa moja kwenye msuli wake.

Hapo ikaonekana kwamba ule ukuta mkavu uliokuwa ukilaaniwa tangu siku za Waller ulikuwa pia ngao. Ukiubomoa kwa chumvi au ukiuvuka kwa mrija, ni lazima mtu mwingine ajenge ukuta mahali pake. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa vya umeme vya hospitali kilitolewa mwaka 1977, na kwa vifaa vinavyogusa moyo kinachoruhusiwa kuvuja hali ikiwa ya kawaida ni maikroampea 10, na 50 kitu kimoja kikiharibika.

Hesabu yake mtoto wa sekondari anaiweza. Chukua saketi ya volti 5. Chipu ikiungua na volti zote 5 zikatokea mlangoni, ni nini kinazizuia zisimfikie mgonjwa? Kama ni rezista ya omu 1,000, mkondo utakuwa maikroampea 5,000. Kama ni omu 100,000, utakuwa 50.

Kwa nini basi kila mtu asiweke omu milioni kadhaa akalala salama? Kwa sababu rezista nayo ina sauti. Mwaka 1928, John Johnson na Harry Nyquist wa Bell Telephone Laboratories walionyesha kwamba rezista yoyote yenye joto hutoa kelele yake, na kelele hiyo hukua kadiri ukinzani unavyokua. Kwa masafa ya ECG, omu 100,000 hutoa kama nusu maikrovolti. Mbele ya moyo wenye maikrovolti 1,000, hiyo ni minong'ono. Lakini ukitumia rezista hiyohiyo kusikiliza shina la ubongo likiitikia sauti, ambako jibu zima halifiki maikrovolti 1, umejiziba masikio mwenyewe.

Rezista hiyo ina kazi nyingine inayokuja kwa dharura. Tangu mwaka 1962, Bernard Lown alipoonyesha namna ya kuurejesha moyo kwenye mwendo wake kwa mshtuko mmoja wa umeme wa moja kwa moja, elektrodi za ECG zinaweza kuwa bado zimebandikwa kifuani wakati volti maelfu zinapita. Mashine isiyo na rezista imara mlangoni inakufa sekunde ileile ambayo daktari anaitazama ili ajue kama mgonjwa amerudi.

Hata mguu wa kulia, ambao Einthoven hakuuweka kwenye vipimo vyake, ulipata kazi. Waya wake haupimi chochote. Amplifaya huchukua umeme wa pamoja uliopo mwilini, huugeuza, na kuurudisha kupitia mguu huo ili uufute. Bruce Winter na John Webster walieleza usanifu wake kwa kina mwaka 1983. Huo ni waya ambao mashine inautumia kumsemesha mwili, na kwa sababu hiyo rezista yake ndiyo ya kufikiriwa kwa makini kuliko zote.

*

Ukienda kupimwa ECG leo, mhudumu atakufuta kifuani kwa pamba yenye spiriti, kisha abandike vipande vya mviringo vyenye jeli katikati. Onja kwa mawazo tu: jeli hiyo ina chumvi. Ni chombo cha Einthoven kilichopunguzwa hadi ukubwa wa sarafu. Ndani ya mashine, fundo la Wilson bado lipo, ila sasa amplifaya ndogo husimama mbele ya kila rezista, kwa hiyo ngozi yako haipigi tena kura. Omu zinaweza kuwa 10,000 au zaidi na hakuna kinachopotea. Kura ambazo Wilson alizisawazisha kwa mapatano, chipu imezisawazisha bila kukugusa.

Mzigo mwingi umehamia kwenye mashine. Lakini haukuhama wenyewe. Kila mara kulikuwa na mtu aliyeamua kwamba ngozi ya mgonjwa isiadhibiwe kwa uchoyo wa chombo, na akatafuta namba ya kuandika pembeni ya mchoro wake. Leo moduli za ECG zinauzwa mtandaoni kwa bei ya mlo wa mchana, na wanafunzi hujibandika elektrodi wenyewe kwa wenyewe, wakati mwingine kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani. Yule anayefungua droo kutafuta rezista ya mlangoni, na kukuta zile za omu 1,000 ndizo zilizo karibu, ana maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kuwasha chuma cha kulehemu. Je, pande mbili zinalingana? Je, nitakachokisikia kitazidi kelele yake? Na chipu hii ikiungua sasa hivi, rafiki yangu akiwa ameshika nyaya, ni nini kitasimama kati yake na betri?